Lenzi ya 50 ama darubini ya 130: kipi kinapiga nyota vizuri huku kwetu

Binamu yangu wa Kisumu ananiuliza swali moja wiki ya pili sasa. Ana kamera ya mtumba aliyonunua kwa mpiga picha wa harusi aliyekua anabadilisha vyombo, zamu yake ya chama imefika ana pesa kidogo, na anataka kujua aongeze lenzi ama aende moja kwa moja kwa darubini ndio aanze kupiga picha za nyota. Nimeona badala ya kumtumia voisi kumi nikae chini niandike yote mara moja, maana swali hili naulizwa na wengi hapa Nakuru pia.

Jibu langu nalitoa mapema usisumbuke kulitafuta: kama unataka mwezi na sayari, nunua darubini. Kama unataka nyota zenyewe, Njia Nyeupe (Milky Way), Kilimia (Pleiades), yale mawingu ya rangi yaliyo kwenye kundi la nyota la Orioni, na huna mota ya kufuata nyota, nunua lenzi ya 50mm f/1.8 (namba ya f ni urefu wa fokasi ukigawanywa kwa upana wa tundu, ikiwa ndogo kila pikseli inapata mwanga zaidi) na tripodi isiyotikisika, darubini itakungoja. Sababu ndio hizi, na sizitoi kichwani, nimezijaribu.

Mwezi wa kwanza tulienda shamba la mjomba kule Rongai, kiangazi, usiku ambao mwezi haukuwepo. Jirani yangu mwalimu akabeba darubini yake ya kioo, kipenyo 130mm, urefu wa fokasi 650mm, kwa hivo ni f/5. Mimi nikabeba 50mm. Kamera tulitumia moja tu ili tusidanganyane, ya sensa ndogo inayoitwa APS-C, megapikseli 18, tukawa tunaitoa huku tunaiweka kule usiku mzima.

Kitu cha kwanza kilichotutenganisha ni mwendo wa nyota. Anga linazunguka digrii 15 kila saa, ukiliona kwa macho ni kama limesimama, lakini kamera inaliona likikimbia. Kwa ile darubini na sensa ile, nyota iliyo katikati ya Orioni inavuka kama pikseli 11 kwa sekunde moja. Sekunde moja! Yaani ukifungua shata sekunde tano bila mota unapata vijistari kama mvua inayoanguka kwa upepo, hakuna nyota hapo. Kwa lenzi ya 50 nyota ileile inachukua zaidi ya sekunde moja kuvuka pikseli moja, kwa hivo sekunde tatu ama nne inabaki doti.

Wengi wanafundishwa ile hesabu ya 500, unagawanya 500 kwa urefu wa lenzi, na kama sensa ni ndogo unazidisha urefu kwa 1.6 kwanza. Kwa 50mm inakupa sekunde 6 na kidogo. Mimi naiona ni ya ukarimu sana. Ukiangalia picha kwa simu iko sawa, ukizumu kwa laptopu nyota zimekua mayai. Na sisi tuliokaa karibu na ikweta tunaumia zaidi, kwa sababu Orioni inapita karibu utosini na iko kwenye ile mistari ya anga inayokimbia kuliko zote. Lakini geuza kamera uelekee Msalaba wa Kusini, pale mwendo ni karibu nusu, unaeza kuongeza sekunde mara mbili na nyota zikabaki mviringo. Hii nimeijaribu mara nyingi, Orioni nampa sekunde 3, Msalaba nampa 6.

Sasa mwanga. Hapa ndio watu wanachanganyikiwa na hata mimi nilichanganyikiwa muda mrefu, maana mtu anakwambia darubini ina kioo kikubwa lazima iwe na mwanga zaidi. Ni kweli na si kweli. Fikiria sufuria la pilau. Darubini ni sufuria kubwa, lakini urefu wa fokasi ni idadi ya sahani unazopakulia. 650mm inatandaza picha juu ya pikseli nyingi sana, kila sahani inapata kijiko. Lenzi ya 50 sufuria yake ni ndogo, tundu lake ni milimita 28 tu, lakini wageni ni wachache, kila mmoja anashiba. Kwa kitu kilichotandaa kama wingu la Orioni ama Njia Nyeupe, f/1.8 inajaza kila pikseli karibu mara 8 kuliko f/5. Kwa nyota moja moja ambazo ni doti, mambo yanageuka, kipenyo ndio kinahesabu na darubini inashinda kwa mara 20 na zaidi. Kwa hivo ukisikia mtu anasema darubini inaona nyota nyingi, amesema kweli, na mwingine akisema lenzi inatoa Njia Nyeupe vizuri, naye amesema kweli, hawagombani.

Na kuna zile darubini ndogo za lenzi mbele, 70mm kwa 700mm, zinauzwa sana mtandaoni na boksi limeandikwa inakuza mara 500 na kitu. Hiyo ni f/10. Ukilinganisha na f/5 inataka muda mara nne kupata picha ileile, tena nyota kali zinatoka na duara la zambarau kwa sababu ya aina ya kioo. Kukuza kwa maana kunakoweza kusaidia ni kama mara mbili ya kipenyo kwa milimita, hiyo ya 70 inafika 140 basi, zaidi ya hapo unakuza ukungu. Kwa kuangalia mwezi na watoto ni nzuri sana, sikatazi. Kwa picha za mawingu ya anga usiinunue.

Turudi Rongai. Tulianza na Kilimia kwa sababu ilikua juu vizuri. Hii ni ile ya wahenga wetu, Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua, wakulima wa pwani walikua wanaitumia kupanga shamba. Kwa 50mm, f/2.8, ISO 1600, sekunde 3, fremu mia na ishirini nilizozirundika kuwa picha moja, ikatoka fungu dogo la bluu katikati ya uwanja mkubwa wa nyota, ukikata pembeni inapendeza. Kwa darubini haikuenea hata yote, Kilimia ina upana wa karibu digrii mbili na fremu ya darubini hiyo kwa sensa ile ni digrii mbili kwa moja na robo hivi, nyota za pembeni zikakatwa, na kila fremu ilikua ya nusu sekunde tu na bado zilivutika. Mwalimu alinyamaza. Nikamwambia mwalimu subiri, zamu yako inakuja.

Ikaja na Mshtarii. Kwa lenzi ya 50 Mshtarii ni pikseli mbili ama tatu, taa tu. Kwa darubini ni kama pikseli 33, ukiweka Barlow ya mara mbili, ile lenzi ndogo inayorefusha fokasi, inafika 66, na miezi yake minne imejipanga kama shanga. Hapo hatukupiga picha, tulirekodi video, maana hewa inacheza na kila sekunde kuna fremu chache ambazo hewa imetulia, unachukua maelfu ya fremu alafu programu kama AutoStakkert inachagua zile bora, sisi tulibakisha asilimia 15. Mistari miwili ya kahawia ikaonekana. Hii lenzi haiwezi hata uiombe namna gani.

Mwezi nao ni hesabu rahisi, ukigawanya urefu wa fokasi kwa 110 unapata ukubwa wa mwezi kwa sensa kwa milimita. 50mm inakupa nusu milimita, punje. 650mm inakupa karibu milimita 6, kwa sensa yenye kimo cha 15 hiyo ni nzuri, mashimo unayaona wazi. Setingi za mwezi mpevu zinashangaza watu, maana wanadhani usiku ni giza wafungue muda mrefu. Mwezi umepigwa na jua, ni kama jiwe la mchana. Kwa f/11 na ISO 100 ni 1/100 ya sekunde, kwa darubini ya f/5 inakua 1/500. Mwezi nusu unataka kama mara nne ya hapo, na ndio unaopendeza zaidi kwa sababu vivuli vinaonyesha milima. Lakini tarehe 7 Septemba 2025 mwezi ulipopatwa wote, kuanzia saa mbili na nusu usiku mpaka saa nne kasoro dakika nane, setingi zote hizo zilianguka. Nilianza na 1/500 ISO 100 na nikamaliza na nusu sekunde ISO 3200, na hiyo nusu sekunde ilikua ndio mwisho kwa stendi isiyo na mota, zaidi ya hapo mwezi unavutika.

ISO sasa. ISO haiongezi mwanga, mwanga umeshaingia kwa tundu na kwa muda, ISO inapaza sauti ya kilichoingia. Watu wawili wakiwa na kamera moja, mmoja ISO 800 na mwingine 6400, fotoni, zile chembe za mwanga, ni zilezile. Mimi nilipiga Orioni kwa 400, 800, 1600, 3200 na 6400, muda uleule, nikazipandisha zote kwa laptopu mpaka zilingane. Ya 400 ilikua na michirizi michafu kwenye giza, ya 1600 ilikua safi kuliko, ya 6400 haikuongeza kitu ila nyota kali zilikua zimechomeka nyeupe zikapoteza rangi. Betelgeuse inafaa iwe ya chungwa na Rigel ya bluu, kwa 6400 zote mbili zilikua nyeupe kama balbu. Kwa kamera yangu basi ni 1600, yako ijaribu kivyako, lakini usikimbilie namba kubwa. Angalia ile grafu ya mwanga nyuma ya kamera, ule mlima uwe umebanduka kutoka ukuta wa kushoto, inatosha.

Kufungua lenzi yote f/1.8 nayo inavutia lakini angalia pembe za picha, nyota zinaota mabawa kama kumbikumbi. Ukifunga mpaka f/2.8 zinarudi doti, unapoteza mwanga kama mara mbili na nusu. Mimi huchagua 2.8 kama nataka picha ya kuchapisha, na 2.2 kama mawingu yananikimbiza.

Kinachookoa yote haya ni kurundika fremu. Fremu moja ya sekunde 3 ni chafu, usiihukumu. Chembechembe zinapungua kwa kipeuo cha idadi, fremu 25 zinasafisha mara 5, fremu 100 mara 10. Programu za kurundika kama DeepSkyStacker ama Siril ni za bure zote. Piga RAW, lile faili ghafi la kamera, si JPEG, na kabla hujafunga vyombo weka kifuniko cha lenzi upige fremu ishirini za giza kwa muda na ISO ileile, baridi ikiwa bado ni ileile, programu itatumia hizo kufuta pikseli zinazowaka zenyewe. Fokasi ni ya mkono, washa skrini, zumu mara kumi kwa nyota kali, zungusha polepole mpaka iwe ndogo kabisa alafu bandika selotepu usiiguse tena. Shata ifyatuke kwa taima ya sekunde mbili ili kidole kisitikise.

Kuna jambo la fokasi ambalo mwalimu alilipia. Darubini yake ya kwanza aliinunua kwa muuzaji mmoja akaambiwa inakubali kamera bila shida, adapta akapewa, alipofunga kamera picha ikakataa kabisa kuja wazi, hata mwezi ulikua donati. Darubini nyingi za kioo za saizi hiyo zimetengenezewa macho, sensa imezama ndani ya mwili wa kamera, mbali na darubini, na ile bomba ya kufokasi haiingii ndani vya kutosha kuifikishia picha. Ukiweka Barlow inafika, lakini sasa umekua f/10. Alizunguka miezi akidhani mkono wake ndio mbaya. Kwa hivo kabla hujatoa pesa sema wazi, nataka kufunga kamera moja kwa moja, nionyeshe picha iliyopigwa hivo na darubini hii, na mtu asipokuonyesha ondoka.

Wengine wanauliza kuhusu kuweka simu kwa jicho la darubini, ile lenzi ya kuchungulia. Kwa mwezi, naam, na inapendeza, weka jicho la 25mm, kwa 650mm hiyo ni mara 26, washa hali ya pro, ISO 50 ama 100, 1/125 hivi, funga mwangaza usibadilike. Kwa Zohali utapata kidole chenye pete. Kwa mawingu ya anga, hapana.

Sasa binamu, upande wako wa Kisumu una mambo yake. Hapa Nakuru tuko kama mita 1,850 juu, kwako ni kama 1,130 na ziwa liko mlangoni. Jioni mawingu ya radi yanajengeka, na usiku lenzi inalowa umande bila kukuambia, unaona tu nyota zinavimba taratibu fremu baada ya fremu. Mimi huvalisha lenzi soksi yenye mchele niliopasha moto, inashika kama saa moja alafu nabadilisha. Na pale Dunga ukielekeza kamera ziwani usiku wa giza utakuta mstari wa taa upeo wote, ni wavuvi wa omena, nao wanapenda usiku usio na mwezi kama wewe, taa zao ndizo zinaita samaki. Ni picha nzuri kivyake, lakini nyota za chini kusini zitafifia. Mjini kwenyewe, ISO 1600 f/2.8 sekunde 3 inatosha anga kuwa rangi ya chai. Toka uende upande wa Maseno, au panda Nandi kama una mwenyeji, usiende peke yako na vyombo.

Na mota? Hapa ndio kukaa kwenye ikweta kunakua baraka na taabu pamoja. Stendi za kufuata nyota zinataka mhimili wake uelekee ncha ya anga. Wazungu wanatafuta nyota ya kaskazini, sisi nyota hiyo imelala kwenye upeo wa macho ndani ya vumbi na miti, haionekani. Tena stendi nyingi hazijatengenezwa kulala bapa, ile ya mwalimu ilishuka mpaka mahali uzito ukagonga mguu wa stendi. Ilibidi fundi akate bamba la pembeni ndio ikubali.

Lakini kwa lenzi ya 50 kuna njia ambayo huku kwetu ni rahisi kuliko mahali pengi duniani. Mbao mbili, bawaba moja, na boliti ya M6 ambayo hatua ya uzi wake ni milimita 1. Weka boliti milimita 229 kutoka kwa bawaba, ukiizungusha mzunguko mmoja kila dakika, ubao wa juu unafunguka kwa mwendo wa anga. Na kwa sababu tuko ikweta, bawaba inalala tu bapa ikielekea kaskazini na kusini, unahitaji dira na pima maji ya fundi mwashi, huhitaji kuona nyota yoyote ya kaskazini. Fundi wa jua kali alinitengenezea asubuhi moja. Kwa ubao huo nilitoka sekunde 3 nikafika 40 kwa fremu, na Njia Nyeupe ya mwezi wa saba, pale Sajitari anapanda juu kabisa, ikatoka na ile mishipa yake myeusi ya vumbi.

Binamu amenisikiliza, amechukua 50mm ya mtumba na chenji imebaki ya tripodi. Darubini amesema ataingojea zamu nyingine ya chama. Juzi amenitumia fremu yake ya kwanza ya Orioni kutoka Maseno, sekunde 3, ISO 1600, f/2.8, na nilipoizumu Betelgeuse ilikua ya chungwa.